Chuma Kilichoangukia Ngitili Yetu

Niliulizwa kwa heshima, tena niliambiwa wazi kwamba ninaweza kukataa. Ofisa aliyekuja na gari la serikali alisimama pembeni ya ngitili yetu, soksi zake zimejaa mbegu za majani. Akaniamkia shikamoo, kisha akasema, "Mzee, kwa usalama ingekuwa vizuri tufunge eneo lote mpaka wataalamu waje kupima. Lakini eneo ni lenu. Ukisema tuzungushe utepe pale tu chuma kilipoangukia, tutazungusha pale tu."

Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu, fimbo ameilaza mabegani na mikono ameining'iniza juu yake, kama alivyozoea kusimama tangu ujana. Akaninong'oneza kwa Kisukuma nimwambie ofisa azungushe pale tu. Nilimsikia vizuri. Lakini karibu kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika pale, na wote walikuwa wananitazama mimi. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, "Ngitili haifunguliwi nusu. Fungeni yote."

Ofisa akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Tungepata wazee waelewa kama wewe kila mahali, kazi yetu ingekuwa nyepesi," alisema. Maneno hayo nilirudi nayo kwangu mjini, Nyakato, nikiwa na furaha kama mtu aliyepewa zawadi.

Kwa asiyetujua sisi Wasukuma, ngitili ni malisho ya akiba. Mvua zinapoanza, ukoo unafunga sehemu ya ardhi yake na hakuna ng'ombe anayekanyaga humo, hata awe wa mwenye ardhi. Majani yanaota, yanarefuka, yanakomaa na kukauka yakiwa yamesimama. Kiangazi kinapokaza na nje kumebaki vumbi na mawe, ndipo inafunguliwa. Kuifungua si jambo la kila mtu. Mkubwa wa ukoo anaingia kwanza peke yake, anang'oa fumba la majani, anayatafuna kidogo, anatazama mbegu kama zimeshadondoka, halafu anatoka na kusema. Akishasema, zizi zima linaingia. Baba yetu alifanya hivyo, na alikuwa mkali. Hakutaka kusikia habari ya kufungua kipande leo na kipande kesho. Alisema ukianza kufungua nusu, majirani nao watajikatia nusu yao, na mwisho hakuna ngitili.

Baba alipofariki, kazi hiyo iliniangukia mimi, mtoto wa kwanza. Sikuistahili sana. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba, na hata baada ya kustaafu nilibaki Nyakato, kwenye nyumba niliyojenga karibu na kelele nilizozizoea. Nilikuwa najua mapipa na makopo kuliko nilivyojua ng'ombe. Aliyebaki nyumbani, ng'ambo ya Kisesa, mahali ambapo ukipanda mwamba unaliona ziwa, ni mdogo wangu. Yeye alichunga, akakamua, akatibu, akazika waliokufa. Mimi nilikuwa nafika mara moja kwa mwaka, nikiwa na koti, nang'oa fumba la majani, natafuna, na kusema fungueni.

Alikuwa ananitania kwa hilo. "Kaka ametoka mjini kuja kula majani," alikuwa akimwambia mke wake kila aliponiona nashuka kwenye pikipiki. "Mayu, mama watoto, usimpikie. Atashiba huko huko." Mke wake alikuwa akicheka huku ameshapunguza moto chini ya ugali ili unisubiri. Tulikuwa wawili tu tuliobaki katika watoto wa mama yetu. Wengine tuliwazika.

Hicho chuma kilianguka mchana, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni. Mke wa mdogo wangu alikuwa juu ya mwamba akianika michembe, vile vipande vya viazi vitamu tunavyokausha kwa ajili ya kiangazi. Alisema alisikia mngurumo kama wa radi, akatazama juu kutafuta wingu ili aanue michembe yake, hakuliona. Halafu akasikia kishindo kwenye ngitili, ndege wakaruka wote kwa pamoja.

Mdogo wangu alinipigia simu. "Kaka, kuna chuma kimeanguka kwenye ngitili."

"Ndege?"

"Ndege ina watu. Hiki hakina mtu. Kina duara moja kubwa kama gurudumu la trekta, na kingine kama mtungi. Huo mtungi umeota nywele."

Nilicheka, lakini nilipofika niliona kwamba hakuwa anatania. Duara lilikuwa limezama kwenye udongo mweusi, nusu ndani nusu nje, limeungua upande mmoja. Hatua nyingi kutoka pale, chini ya mgunga, ulikuwepo ule mtungi, mviringo kama chungu cha pombe cha zamani, umefunikwa na nyuzi nyeusi zilizochanika na kusimama kama katani iliyopitiwa na moto. Watoto walikuwa wameshaanza kuzing'oa hizo nyuzi. Sungusungu wa kijiji waliwafukuza na kusimama ulinzi kwa marungu, ingawa hakuna aliyejua wanalinda nini.

Maofisa walikuja baada ya siku kadhaa. Walitwambia kwamba ni vipande vya roketi, ya aina ile inayopeleka setilaiti angani. Roketi ikishamaliza kazi yake, sehemu zake zinaachwa huko juu zizunguke, na nyingi huungua zikirudi. Hizi hazikuungua. Ule mtungi huenda ulikuwa na mafuta ya roketi, na mafuta hayo mengine yana sumu mbaya. Ng'ombe akila majani yaliyomwagikiwa, sumu inaweza kuingia kwenye maziwa. Hapo ndipo ofisa aliponiuliza swali lake, nami nikajibu nilivyojibu.

Nilimuuliza kitu kimoja tu: wataalamu watakuja lini?

"Ndani ya wiki chache, mzee."

Sikumuuliza ni chache ngapi. Kiwandani, mtu akiniambia mzigo unakuja wiki chache zijazo, nilikuwa namkalia kooni mpaka ataje siku. Mbele ya yule ofisa nilinyamaza, kwa kuwa alishaniita mwelewa, na mwelewa hasumbui watu.

Wakazungusha utepe wa rangi kwenye ngitili nzima. Utepe uliwaishia kabla ya kufika upande wa korongo, wakamalizia kwa kamba ya katani waliyoazima kwa mdogo wangu.

"Kaka," aliniambia walipoondoka, "hiyo kamba yangu nayo imekamatwa?"

"Watairudisha."

"Haya. Mimi na kamba tutawasubiri."

Mwanzoni hapakuwa na neno. Nje bado kulikuwa na majani, na ngitili ingekuwa imefungwa hata bila utepe. Nilikaa Nyakato na kuwasimulia wazee wenzangu habari za roketi, na nikawa mtu wa kusikilizwa kwenye kijiwe chetu cha kahawa. Binti yangu anafundisha sayansi mjini, na kila Jumapili alipokuja nilimuuliza maswali. Aliniambia kwamba huko juu vimeshakuwa vitu vingi: setilaiti zinazofanya kazi, zilizokufa, mabaki ya roketi, mpaka vipande vidogo vya rangi iliyobanduka. Vinagongana na kuzaa vipande vingine. Setilaiti nyingi za siku hizi zinatengenezwa zikae miaka michache tu, halafu zishushwe ziungue hewani, zirushwe nyingine. Nilimuuliza moshi wa hayo madini yote yanayoungua unakwenda wapi. Alisema unabaki kule juu, na watu bado wanachunguza utafanya nini.

"Kwa hiyo wanarusha kwanza, wanachunguza baadaye," nilisema.

"Baba, wanasema anga ni kubwa."

Maneno hayo niliyajua. Kiwandani tulikuwa tunaosha mapipa nyuma ya stoo, na maji yale meusi yalikwenda kwenye mtaro, mtaro ukaenda kwenye kijito, kijito kikaenda ziwani. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa ule mlango wa nyuma. Siku moja mfanyakazi mgeni aliniuliza kama samaki hawatadhurika. Nilimjibu kwamba ziwa ni kubwa. Nilimjibu bila kufikiri, kama mtu anayejibu salamu. Leo hii ukisimama kule maji yanakoingilia utaona yalivyo na ngozi ya kijani, na wavuvi wamehamia mbali. Basi nami si mtu wa kuwanyooshea kidole sana hao wa roketi. Lakini angalau mimi nilikuwa naishi kando ya ziwa nililolichafua. Wao wanachafua juu ya vichwa vya watu wasiowajua, na kikianguka kinawaangukia watu ambao hawajui hata wamlalamikie nani.

Mvua zikakatika. Wiki chache zikapita, zikapita nyingine. Nikaanza kupiga simu.

Ofisi ya kwanza iliniambia kwamba jambo langu linahusu mazingira. Ya mazingira ikasema chuma kikitoka angani ni cha watu wa anga. Wa anga wakasema wao ni wa ndege, na hiki si ndege. Nikaelekezwa kwa watu wa mionzi, ambao waliniuliza kama kinawaka usiku. Nilisema hakiwaki. Wakasema basi kinaweza kusubiri. Mwisho nikafika kwa mtu mmoja mpole sana, aliyenieleza kwamba kwa sheria za mataifa kitu kile bado ni mali ya nchi iliyokirusha, na ni lazima ijulikane kwanza ni nchi gani, iulizwe, na ijibu.

"Kwetu huku," nilimwambia, "ng'ombe wako akiingia kwenye pamba yangu, kabla jua halijazama nimeshajua ni wa nani, na umeshakuja kumchukua na kuzungumza fidia."

Akacheka. "Ndiyo mzee. Lakini hili suala lako liko juu."

"Juu wapi?"

"Huko juu, mzee. Wizarani."

Nikakata simu. Kila nilichoambiwa kilikuwa juu. Chuma kilitoka juu, wenye nacho wako juu, na majibu nayo yako juu. Chini tulikuwa mimi, mdogo wangu na ng'ombe.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Majirani walifungua ngitili zao mapema na kuzimaliza mapema. Yetu ilisimama. Mimi mwenyewe nilikwenda kuitazama. Sijawahi kuiona nzuri kama mwaka ule: majani yalinifika kifuani, ya rangi ya dhahabu, upepo ukiyapiga yanalala na kuinuka. Baba angeyaona angeimba. Nje ya kamba ya katani, ng'ombe wa mdogo wangu walikuwa wamesimama wamepanga vichwa, wakinusa. Mbavu zao ungeweza kuzihesabu kutoka barabarani.

"Mwambie huyo," mdogo wangu alisema, akimwelekeza kwa fimbo ng'ombe mmoja mwekundu, wa kizazi cha ng'ombe aliyetoka kwenye mahari ya mama yetu. "Mweleze habari za setilaiti. Wewe umesoma."

"Nimeahidi," nilisema.

"Umemwahidi nani? Jina lake nani?"

Sikulijua jina la yule ofisa. Nilikuwa na namba yake ya simu, na haikuwa inapatikana tena.

"Tufanye hivi," alisema. "Nafunga maksai wawili, tunauvuta mtungi mpaka korongoni, tunafukia. Duara libaki, halina ubaya. Kesho tunafungua."

"Na kama mtungi umevuja? Majani yote hayo utayafukia? Watoto wako ndio wanaokunywa hayo maziwa."

Hakuwa mjinga, na hilo la watoto lilimwingia. "Basi fungua upande wa mwamba," alisema. "Kule hakikuanguka kitu. Ni mbali. Weka nusu."

Ilikuwa ni mara ya pili kuniomba nusu. Na mimi nikamjibu kama alivyojibu baba: ngitili haifunguliwi nusu. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimeshasema hivyo mbele ya watu. Nikiyatazama leo, sioni sababu nyingine. Sheria ya baba ilikuwa ya kulinda majani yasiibwe na majirani. Haikutungwa kwa ajili ya chuma cha roketi. Mtu mwenye akili angeona tofauti. Mimi niliishika kama nilivyoshika ufunguo wa stoo, bila kuuliza tena ndani kuna nini.

"Kaka," alisema polepole, "hao watu wakirusha kitu chao, wanajua kitaangukia wapi?"

"Hawajui sawasawa."

"Hawajui chao wenyewe kitaangukia wapi. Halafu wewe unawasubiri hao hao waje waniambie ng'ombe wangu wale wapi."

Nilimwambia asubiri kidogo, wiki hii nitapata uhakika.

Akawapeleka ng'ombe ziwani. Kiangazi kikiwa kikali, watu wa kwetu huteremsha mifugo ufukweni wakale matete na hayo magugu maji yanayosukumwa na mawimbi. Lakini ufukwe siku hizi si mtupu. Kuna mashamba ya mpunga, kuna bustani za nyanya, kuna watu wamezungushia miti mpaka majini. Kila siku kulikuwa na ugomvi. Alitozwa, akatukanwa, siku moja akapigwa rungu la mgongo na mtu anayemfahamu. Na magugu hayashibishi. Ng'ombe anakula anajaa tumbo, mbavu zinabaki pale pale.

Jioni moja akanipigia. "Ng'ombe wako amejifunza kuogelea," alisema.

"Yupi?"

"Mwekundu. Amefuata matete, akazama kwenye tope. Tumemvuta kwa kamba. Hakuwa na nguvu ya kusaidia miguu yake. Amebaki huko huko."

Nilimpa pole. Akasema asante, kama unavyomjibu mtu baki.

Baada ya huyo walikufa wengine, na wengine akawauza mnadani kwa bei ya mbuzi, maana ng'ombe aliyekonda kila mnunuzi anamwonea. Nilikwenda tena kwenye zile ofisi, safari hii kwa miguu yangu, nikavaa koti. Katika moja waliniweka kwenye benchi mpaka mchana, kisha kijana mmoja mwenye adabu akaniletea maji ya chupa na kuniambia kwamba nchi ya kigeni imeshaandikiwa. Nilimuuliza kama, wakati wanasubiri, ninaweza kufungua sehemu iliyo mbali.

Alinishangaa. "Mzee, mimi siwezi kukwambia ufungue. Lakini ni nani aliyekwambia ufunge hiyo ya mbali?"

Ningeweza kutoka pale nikaenda moja kwa moja stendi ya Buzuruga, nikapanda gari, nikafika jioni ile ile na kukata ile kamba. Nilifikiria hivyo. Halafu nikafikiria maneno ya watu: mzee alifunga yote kwa mbwembwe, leo anafungua nusu kwa aibu. Nikaona bora nisubiri wataalamu, waifungue wao, uso wangu ubaki mzima. Nikampigia simu mdogo wangu, nikamwambia nchi ya kigeni imeshaandikiwa.

"Sawa, kaka," alisema. Ilikuwa ni mara ya kwanza kusikia akinikubalia bila utani, na badala ya kuogopa, nilifurahi.

Niliyoyajua baadaye niliyapata kwa mke wake kwenye simu. Jioni hiyo hiyo mdogo wangu alikaa na watu wanaomiliki lori. Ng'ombe waliobaki, ambao wangetosha kwenye lori moja, alikubaliana nao wawapeleke Katavi pamoja na familia yake, mkoa wa mbali walikokwenda Wasukuma wengi kutafuta malisho. Hakuniaga ana kwa ana. Alimwachia jirani ujumbe, na jirani alinipa ujumbe huo akitazama pembeni: "Mwambie kaka kamba yangu ile ya katani, wakiifungua, aichukue yeye."

Nilikuta zizi tupu. Samadi ilikuwa bado mbichi. Juu ya mwamba walikuwa wamesahau michembe kidogo, na kuku wa jirani walikuwa wanaila.

Wataalamu walikuja. Watu huwa wananiuliza kama walikuja kweli, nami nasema ndiyo, walikuja, baada ya lori kuondoka, mvua mpya zikiwa zinanukia. Walikuwa vijana watatu wenye mavazi meupe na kifaa kinacholia. Walizunguka mtungi, wakazunguka duara, wakachota udongo, wakapima na kupima tena. Kazi yote ilichukua muda ambao mke wa jirani alihitaji kuchemsha chai. Chai ilipokuja walikuwa wameshavua glovu.

"Hapa hakuna kitu, mzee," mkubwa wao alisema. "Mtungi ulikuwa mtupu tangu huko juu. Ulikuwa wa gesi tu."

"Na majani?"

"Majani ni mazima. Mngeweza kulisha." Akageuka, akaitazama ngitili yote mpaka kwenye mwamba, na ile kamba iliyokuwa imelegea. "Lakini kwa nini mlifunga eneo lote hili? Hata kama kungekuwa na sumu, isingefika kule. Ni nani aliwaambia mfunge lote?"

Sungusungu wawili walikuwepo. Jirani alikuwepo. Wote walitazama vikombe vyao.

"Mimi," nilisema.

Aliniitikia kwa kichwa, kama anayesikia jambo la kawaida. Wakapakia mtungi. Duara hawakulichukua, walisema gari ni dogo na maagizo yao yalikuwa ya mtungi peke yake, duara litafuatwa na watu wengine. Liko mpaka leo. Mvua zimeliosha masizi, limebaki jeupe linalong'aa, na majani yameota katikati yake. Nimeshawapigia simu kuhusu duara hilo. Wananiambia suala liko juu.

Siku ile walipoondoka niliingia kwenye ngitili peke yangu. Niling'oa fumba la majani, nikatafuna. Yalikuwa yameshapoteza utamu, mbegu zilidondoka zamani. Nikatoka, nikasema fungueni, na hapakuwa na wa kufungua. Jirani ndiye aliyeuliza kwa aibu kama anaweza kuleta ng'ombe wake. Nilimwambia alete. Waliingia ng'ombe wa watu wengine kwenye majani ya baba yangu na kuyala mpaka chini, nami nilikaa juu ya mwamba nikiwatazama. Ile kamba nilikuwa nimeikunja mapajani.

Huwa nasikia redioni kwamba wanarusha setilaiti nyingine, na nyingine. Mtangazaji husema ni hatua kubwa kwa binadamu wote, na baada ya hapo anasoma utabiri wa mvua, ambao najua unatokana na hizo hizo setilaiti, na ambao mimi nausikiliza mpaka mwisho. Sisemi wasirushe. Nasema kila mwenye ng'ombe ana zizi, na anajua anamrudisha wapi jioni. Hao wanatoa vitu asubuhi bila kufikiri jioni. Hasira hiyo ninayo na nitakufa nayo. Lakini nikiwa peke yangu nyumbani, kiwanda kikiwa kimezima mashine, hasira hiyo huwa hainisaidii kitu, kwa sababu roketi iliangukia kipande kimoja cha ngitili. Kilichobaki nilikifunga mimi.

Nimempigia simu mdogo wangu mara nyingi. Anapokea. Ananiamkia vizuri, anauliza habari za afya yangu, anasema huko kuna majani, halafu anasema mtandao ni mbaya. Nilimwambia mara moja kwamba nilikosea. Alisema, "Yameshapita, kaka," na akaniaga.

Mwaka huu binti yake wa kwanza ameolewa huko Katavi. Kwetu, mahari ya mtoto wa ndugu yako mdogo haizungumzwi bila wewe baba mkubwa. Wewe ndiye unayekaa katikati, unayetaja ng'ombe wangapi na wa rangi gani, na wakwe wanakusihi wewe. Habari hizo niliambiwa na jirani, aliyeonyeshwa picha na watu waliokwenda. Alinionyesha na mimi. Kwenye kiti changu alikuwa ameketi mzee nisiyemfahamu, mtu wa huko huko ugenini, ameshika fimbo ya mdogo wangu. Mke wa mdogo wangu alikuwa nyuma yake anacheka. Nilimrudishia jirani simu yake.

Hicho ndicho nilicholipa kwa neno nililosema mbele ya ofisa. Mdogo wangu, wa mwisho kati ya watoto wa mama yangu, yu hai na ana afya njema, na mimi si ndugu yake tena.